Muhuri Kabla ya Kiapo

Saa moja asubuhi foleni ilikuwa imeshazunguka darasa la tano na kukata kona kuelekea vyooni, na Mama Chapa alikuwa bado anagombana na utepe wa taipureta. Utepe ulilowa siku ya maji, ukakauka vibaya, na sasa kila herufi ya tatu ilikuwa inatoka nusu. Aliugeuza upande wa pili, akaukaza kwa kidole kilichojaa wino, akajaribu neno moja pembeni mwa gazeti kuukuu. Likasomeka.

"Haya, wa kwanza aje. Na tusisukumane, jamani. Karatasi ninazo hamsini na mbili tu, na mkinikasirisha zitakuwa thelathini."

Watu wakacheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha watu ambao hawajalala juu ya kitanda kwa siku tisa.

Mto ulivunja kingo zake Jumanne. Ulichukua daraja, ulichukua soko, ulichukua nyumba zote za chini, na wenyeji wa nyumba hizo waliobaki hai wakapanda shuleni na kulala madarasani, ukoo huu kwenye sakafu ya la pili, ukoo ule chini ya ubao wa la nne. Serikali, kwa huruma yake, ilitangaza hali ya dharura Ijumaa, maji yalipokuwa yameshamaliza kazi. Tangazo lilikuwa na kurasa sita. Anayetaka mabati alete hati ya kiapo. Anayetaka kuzika maiti aliyetambuliwa alete hati ya kiapo. Vitambulisho vimezama? Vizuri, alete hati ya kiapo kwamba vimezama. Na kila hati igongwe muhuri wa mthibitishaji wa hati aliyeapishwa. Upande huu wa mto, mthibitishaji wa namna hiyo hakuwepo hata mmoja.

Karibu awepo, lakini. Kwa miaka kumi na tisa Mama Chapa alikuwa mchapaji wa mzee mmoja mthibitishaji, ambaye ndiye aliyempa jina hilo. Mzee alikuwa na desturi yake: hakuna hati iliyochapwa kabla mwenyewe hajasimama, mikono mitupu, akayasema yote kwa sauti toka mwanzo hadi mwisho. Mawakili wa mjini walimcheka kwamba anapoteza muda. Mzee aliaga dunia kabla ya mvua, figo zikimsumbua, na Mama Chapa, aliyekuwa ameshafanya mtihani kimyakimya bila kumwambia hata mumewe, akapata barua ya uteuzi. Alichongesha muhuri wake mwenyewe. Kilichobaki ni kiapo tu, mbele ya msajili, siku ya Alhamisi. Mto haukungoja Alhamisi. Msajili na daftari lake la viapo wakabaki ng'ambo, na muhuri ukabaki kwenye kifuko cha kitambaa shingoni mwa Mama Chapa, haujawahi kugusa wino.

Hivyo alichapa hati mchana kutwa, akazipanga kwenye boksi la chaki zisubiri. Hati isiyogongwa muhuri ni barua tu. Yeye alijua hilo kuliko mtu yeyote pale, na watu waliokuwa wakimshukuru walimfanya aone haya.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa bibi mmoja mwembamba aliyejifunga khanga mbili zisizofanana. Alikuwa hapo tangu alfajiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sitaki mabati. Nimemfuata mjukuu wangu."

"Yuko wapi?"

"Hospitali hapo nyuma, wodi ya watoto. Alimeza maji, kifua kikambana. Sasa amepona, anakimbia huko wodini mpaka wanamgombeza. Lakini karani hanipi. Anasema niwe na hati ya kiapo kwamba mimi ndiye mlezi. Na lori la ustawi wa jamii linaondoka leo saa kumi, linawabeba watoto wote wasio na mwenyewe, liwapeleke kwa barabara ya milimani iliyofunguliwa jana, hadi makao ya watoto huko mji mkuu."

"Kwani karani hakujui? Si unakwenda kila siku?"

"Ananijua sana. Jana amenipa mpaka kiti nikae. Anasema, bibi, mimi najua ni mjukuu wako, ila kujua kwangu hakuna muhuri."

Mama Chapa aliweka karatasi na kaboni kwenye taipureta, kisha akaondoa mikono kwenye vitufe. "Simama, bibi. Sema yote mwenyewe."

Bibi akasimama. Alisema mjukuu ana miaka minne. Alisema mama yake mtoto ni bintiye wa mwisho, aliyekuwa anapanga chumba nyumba za chini, na kwamba alipatikana siku ya nne amekwama kwenye nguzo za daraja, na yeye bibi ndiye aliyemtambua kwa kovu la goti. Baba wa mtoto hajulikani aliko tangu mimba. Hakulia. Alisema kama mtu anayesoma orodha ya vyombo vilivyoazimwa. Mama Chapa alichapa mistari kumi na minne.

"Sasa gonga, mwanangu."

"Subiri hapa. Nakwenda kuapishwa."

*

Kaimu Msajili alikuwa amepewa nusu ya ofisi ya walimu, nyuma ya rundo la magodoro ya msaada. Kabla ya mafuriko alikuwa bwana vipimo, yule anayepita sokoni na mawe yake ya shaba kukagua mizani za wauza sukari, na ilijulikana mji mzima kwamba hajawahi kupokea hata kipande cha muwa. Makao makuu walimpigia simu Jumamosi kwa sababu alikuwa mtumishi wa serikali mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliokwama upande huu. Walimwambia hongera, kuanzia sasa yeye ni kaimu wa ofisi nne. Usajili wa viapo ulikuwa mojawapo.

"Kaimu, niapishe leo," alisema Mama Chapa. "Barua ya uteuzi hii hapa. Kuna bibi anangoja, mjukuu wake anabebwa na lori saa kumi."

Kaimu alivua miwani. Alikuwa mtu mzima mwenye uso wa kuchoka, na shati lake lilikuwa limefungwa vifungo mpaka shingoni ingawa joto lilikuwa linaua.

"Ningekuapisha juzi, mama. Lakini mimi mwenyewe sijaapa."

"Vipi tena?"

"Ukaimu wangu una kiapo chake. Wamesema kwa kuwa ni dharura, nitaapa kwa maandishi. Najaza fomu, natia saini mbele ya mthibitishaji wa hati, naipiga picha, naituma kwa simu. Hapo ndipo naweza kumwapisha mtu."

"Mbele ya mthibitishaji yupi?"

"Ndiyo hapo sasa," akasema.

Mama Chapa alikaa kwenye godoro bila kukaribishwa. "Yaani wewe huwezi kuniapisha mpaka nigonge muhuri kwenye fomu yako. Na mimi siwezi kugonga mpaka uniapishe."

"Umeieleza vizuri kuliko nilivyowaeleza wao."

"Basi tuape kwa mpigo mmoja. Wewe unasema, nami nasema, tunamaliza."

Kaimu hakulicheka wazo hilo. Alilifikiria kwa dhati, akachukua rula, akafungua daftari la shule alilokuwa amelichora mistari liwe rejista ya muda. "Kuna safu ya saa, angalia. Lazima mmoja atangulie. Nikiandika tumeapa dakika moja, mkaguzi atauliza nani alimpokea mwenzake kiapo. Nikiandika wewe kwanza, aliyekuapisha hakuwa na mamlaka. Nikiandika mimi kwanza, muhuri uliogongwa haukuwa na mamlaka."

"Nani atakuja kukagua daftari la mazoezi, Kaimu, watu wakiwa wanazikwa?"

"Watakuja. Siku zote huja mambo yakishatulia." Akafunga daftari. "Na wakikuta kasoro, hati zote ulizogonga zinakuwa batili. Mtu ameshaezeka nyumba, wanakuja kung'oa mabati. Nitakuwa nimewaumiza mara ya pili."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomuuma Mama Chapa. Kaimu angekuwa mla rushwa, yeye angejua la kufanya naye.

Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya ngazi za tangi la maji, kwa hiyo wakapanda, Kaimu mbele, Mama Chapa nyuma akishikilia sketi. Simu iliita mara tatu, ikapokelewa na mwanamke mwenye sauti ya upole. Kaimu alieleza yote kuanzia mwanzo.

"Suala lenu limepokelewa," ilisema sauti. "Lipo mezani."

"Mezani kwa nani?"

"Kwa mhusika."

Mama Chapa alisogeza mdomo kwenye simu. "Dada, na mhusika mwenyewe yupo?"

"Yuko kikaoni."

"Kikao cha nini?"

"Cha dharura."

Walipiga tena saa sita, na saa nane, na kati ya simu hizo Mama Chapa alishuka kuwachapia watu wa foleni. Saa nane na nusu chaji ya simu ya Kaimu ilikuwa imebaki mstari mmoja mwekundu, na mhusika alikuwa ametoka kikaoni kwenda kula. Kaimu aliomba kwa adabu kwamba akirudi aambiwe kuna mtoto. Mama Chapa alimsikia mwanamke wa upande wa pili akiandika. Kisha yule mwanamke akasema, "Mtoto mmoja?"

"Mmoja," alisema Kaimu, akashuka ngazi bila kumngoja Mama Chapa.

*

Saa tisa juu ya alama bibi alikuwa bado amekaa palepale, miguu ameikunja, hati yake isiyo na muhuri ameilaza mapajani na kuifunika kwa pembe ya khanga isipate vumbi. Alikuwa hajala. Alipewa kikombe cha uji akakipitisha kwa jirani. Mama Chapa aliporudi kwenye meza, bibi hakuuliza kitu mpaka alipoona amekwisha kukaa.

"Mwanangu, kama haiwezekani niambie tu. Nitangulie kule nikamuage, nimvalishe na viatu. Hajui kuvaa viatu mwenyewe, anabadilisha miguu."

Mama Chapa alimhurumia, lakini haikuwa huruma peke yake. Alikuwa na hasira, hasira ya miaka, na hakuwa na wa kumtupia. Alitazama foleni. Wa nne alikuwa fundi cherehani, kijana mpole aliyepoteza mashine mbili.

"Fundi. Wewe ulikuwa unakaa nyumba za chini, sivyo?"

"Ndiyo, mama. Ukuta mmoja na marehemu binti wa huyu bibi."

"Mtoto unamjua?"

"Nimemshonea gauni la sikukuu."

"Njoo usimame hapa. Nawe bibi, simama."

Akasukuma kiti nyuma, naye akasimama. Hakujiapisha, hilo lingekuwa mchezo wa kuigiza, na yeye hakuwa na moyo wa mchezo. Alifanya tu kazi ya mzee kama alivyoiona ikifanywa kwa miaka kumi na tisa. Alisoma mistari kumi na minne kwa sauti. Alimuuliza bibi kama ni kweli, na bibi, mkono juu, akasema ni kweli tupu. Alimuuliza fundi kama anawajua, fundi akasema anawajua. Wakatia saini, bibi kwa dole. Kisha akatoa kifuko shingoni, akafungua uzi kwa meno, akaugandamiza muhuri kwenye pedi na kuushusha kwenye karatasi kwa uzito wa bega zima.

Ulitoka vizuri, duara kamili la buluu. Kila neno kwenye karatasi ile lilikuwa kweli, isipokuwa cheo kilichozunguka jina lake.

Foleni yote ilikuwa imeona. Wote walijua alikokuwa asubuhi na walijua amerudi hivihivi, maana hapakuwa na siri kwenye shule ile. Hakuna aliyesema "na mimi." Mtu mmoja huko nyuma alikohoa.

"Mimi sijaona kitu," alinong'ona fundi.

"Umeona," alisema Mama Chapa. "Na saini yako ipo. Ukiulizwa useme ulichokiona."

Akamshika bibi mkono, wakakata njia ya matope nyuma ya jiko la shule. Lori lilikuwa limeshawasha injini mbele ya hospitali. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamekaa ndani kwenye mabenchi, kila mmoja na utepe mweupe wa bandeji kwenye kifundo cha mkono ulioandikwa namba. Walikuwa wametulia kupita kiasi.

Karani wa wodi aliipokea hati. Hakusoma mistari. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye duara la buluu, yakakaa hapo muda mrefu, yakapanda kwa Mama Chapa. Alikuwa mtu wa mji huu. Alijua nani ameapa na nani hajaapa. Alilamba kidole, akafungua faili, akaiweka hati chini kabisa ya karatasi nyingine zote.

"Mtoe mtoto wa kitanda cha saba," akamwambia muuguzi. "Mwenyewe amekuja."

Mtoto alitoka mbio, viatu amebadilisha miguu. Alimkumbatia bibi magotini, akauliza kama wanakwenda kwa mama. Bibi alichuchumaa kumrekebishia viatu, akachukua muda mrefu kwenye kufunga kamba, kisha akasema, "Twende kwanza ukale." Huko nje lori liliondoka. Mama Chapa alijikuta anahesabu karatasi alizobakiza mezani, thelathini na tisa, zikiwatosha wale kumi na mmoja wote na nyingine zikabaki. Ila hakuna mtu aliyekuja foleni kwa ajili yao, au alikuja akaambiwa arudi kesho.

*

Saa kumi na nusu Kaimu, aliyekuwa amerudi juu ya tangi, alikuja anakimbia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Wameruhusu! Mhusika amepiga mwenyewe. Fomu yangu imesamehewa kwa sababu ya dharura. Naweza kukuapisha sasa hivi!" Kisha, kwa sauti ya chini, "Yule mtoto?"

"Ameondoka na bibi yake."

Uso wa Kaimu ulikunjuka. "Karani amekuwa mtu, basi," akasema, na Mama Chapa akamwacha aamini hivyo.

Kaimu alikuwa amevaa koti. Alisafisha meza ya mwalimu kwa kiganja, akafungua daftari lake la mistari, akaandika tarehe na saa. Watu walijaa madirishani, wengine wamebeba watoto mabegani waone. Kwa siku tisa hapakuwa na kitu cha kutazama isipokuwa maji, na sasa palikuwa na hiki. Mama Chapa alisimama, mikono mitupu.

"Kuna maswali matatu kabla ya kiapo," alisema Kaimu, akiwa ameshika karatasi karibu na miwani. "Jibu kwa sauti, liingie kwenye kumbukumbu. La kwanza. Je, umewahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote?"

"Sijawahi."

"La pili. Je, umewahi kuondolewa kwenye utumishi kwa kukosa uaminifu?"

"Sijawahi."

"La tatu. Je, umewahi kutumia muhuri, au kufanya kazi yoyote ya mthibitishaji wa hati, kabla ya kula kiapo hiki?"

Darasani na madirishani walikuwa watu sitini wanaojua jambo moja. Fundi cherehani alikuwa dirisha la mbele. Alitazama chini.

"Na mtu akijibu ndiyo?" aliuliza Mama Chapa.

Kaimu alirudi kwenye karatasi, akafuata mstari kwa kidole. "Uteuzi wake unafutika. Na alichogonga kinafutika, mambo yanarudi kama yalivyokuwa." Akainua macho. "Kwa nini unauliza?"

"Nilitaka kujua tu."

Lori jingine lilikuwa linakuja Jumamosi. Darasa la tatu, kuta mbili kutoka hapo, mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka na uji bado mdomoni. Kwenye boksi la chaki palikuwa na hati mia na kitu, za mabati, za maiti, za mashine za cherehani. Mama Chapa aliyafikiria yote hayo, na bado alijua kwamba angeulizwa jambo hilohilo na mtu mbaya ingekuwa rahisi kudanganya. Kaimu alimtazama kwa uso uliojaa imani, kalamu tayari juu ya safu.

"Sijawahi," akasema.

Sauti ilitoka safi, haikukwaruza popote, na hicho ndicho kilichomtisha. Kaimu aliandika neno hilo kwa mwandiko wake mzuri. Kisha akamwambia ainue mkono wa kulia, akamtamkisha kiapo sentensi kwa sentensi, kwamba atashuhudia kweli, na kweli tupu, bila hofu wala upendeleo, na Mama Chapa akafuatisha mpaka mwisho. Madirishani watu walipiga makofi. Fundi naye alipiga, mara mbili tatu, akashusha mikono.

"Hongera, mthibitishaji," alisema Kaimu. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Angalau kitu kimoja wiki hii kimefanyika sawasawa."

Mama Chapa alirudi kwenye meza yake. Jua lilikuwa bado lipo, na zilibaki karatasi thelathini na tisa. Aliyekuja mbele alikuwa mzee mgeni kwenye foleni, aliyefika mchana huo kwa mtumbwi kutoka vijiji vya chini, na hakuwa na habari ya muhuri wa bibi. Alivua kofia bila kuambiwa, akaweka fimbo yake sakafuni ili mikono iwe mitupu. Aliyasema yake yote: mke, wanawe wawili, nyumba. Alipomaliza Mama Chapa akamuuliza kama anaapa kwamba aliyoyasema ni kweli.

"Naapa," alisema mzee. "Nimekuona kutoka dirishani ulivyoapa, mama. Hukutetemeka hata kidogo. Nami naapa vilevile."

Mama Chapa aliingiza karatasi. Akamwomba ayataje tena majina ya watoto, polepole, na wakati wote mzee alipokuwa akiyataja, yeye alitazama vitufe.